Kwa Nini Seva Hudai Hujatangaza Kibadilika Ulichokwisha Kukitangaza

Yeyote aliyewahi kuandika skripti za SQL Server, mfumo wa hifadhidata wa Microsoft, anaufahamu ujumbe wa kosa namba 137, unaosema "Must declare the scalar variable" na kutaja jina la kibadilika ambacho, kwa madai ya seva, kimetumika bila kutangazwa. Ujumbe huo ni mfupi na maana yake iko wazi, lakini mara nyingi humpeleka mwandishi mahali pasipo na kosa. Anarudi juu ya skripti, anakuta neno DECLARE, lile la kutangaza, lipo, jina limeandikwa sawasawa na aina ya data imetajwa, kisha anabaki kujiuliza seva imesoma nini. Jibu ni kwamba seva imesoma sehemu tu ya kile alichokiandika. Kibadilika kina mahali kinapozaliwa na mahali kinapokufa, na mipaka hiyo haifuati mwanzo na mwisho wa faili kama macho yetu yanavyodhani. Makosa mengi ya utangazaji, yakiwemo yale yasiyotoa ujumbe wowote, hufumbuliwa kwa kuuliza mipaka hiyo iko wapi kabla ya kuuliza kama kuna neno lililosahauliwa.

Kibadilika ni jina la muda linaloshikilia thamani moja wakati skripti inapoendeshwa. Katika T-SQL, yaani lahaja ya SQL inayotumiwa na SQL Server, jina hilo huanza na alama ya @. Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye jedwali la Wanachama na jedwali la Michango, na tuseme mhasibu anataka jumla ya michango ya mwezi wa sita:

DECLARE @mwezi INT = 6;
GO
SELECT SUM(kiasi) FROM dbo.Michango WHERE mwezi = @mwezi;

Skripti hii italeta kosa 137, na chanzo chake ni neno GO. Neno hilo si amri ya SQL hata kidogo. Ni ishara inayosomwa na programu ya upande wa mtumiaji, kama vile sqlcmd au Management Studio, nayo huiambia programu hiyo ikusanye mistari yote iliyotangulia na kuituma kwa seva ikiwa bechi moja. Desturi hiyo imerithiwa kutoka Sybase, kampuni iliyoshirikiana na Microsoft kutoa toleo la kwanza la SQL Server mwaka 1989. Seva yenyewe hailijui neno GO, ndiyo maana mtu anayeinakili skripti hiyo na kuituma kupitia programu aliyoiandika kwa lugha nyingine huambiwa kuna kosa la sarufi karibu na 'GO'. Kwa kuwa kibadilika huishi kuanzia kinapotangazwa hadi mwisho wa bechi yake tu, @mwezi alikwisha kufa katika bechi ya kwanza, na bechi ya pili ilipowasili seva haikuwa na kumbukumbu yoyote ya jina hilo.

Mpaka huohuo hujitokeza kwa njia nyingine ambayo haiachi hata alama ndani ya faili. Katika Management Studio, ukiteua mistari michache kwa kipanya na kubonyeza F5, mistari hiyo pekee ndiyo hutumwa. Anayejaribu sehemu ya katikati ya skripti ndefu bila kujumuisha DECLARE iliyo juu atapata kosa 137 kwenye skripti isiyo na dosari yoyote. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza la kukagua, kwa sababu ukaguzi wake ni kuangalia tu kama kuna maandishi yaliyoteuliwa kwenye skrini.

Kabla ya kwenda mbele ni lazima tutazame madhara ya kosa hili, kwa kuwa watu wengi hulichukulia kuwa ni usumbufu usio na hatari. Seva huisoma na kuiandaa bechi nzima kabla ya kuanza kuitekeleza, hivyo bechi yenye kibadilika kisichotangazwa haitekelezwi hata mstari mmoja. Lakini bechi zilizoitangulia zimekwisha kutekelezwa, na zile zinazoifuata zitaendelea kutumwa kama kwamba hakuna kilichotokea. Fikiria skripti ya kufunga mwaka ambayo bechi yake ya pili inahamisha michango ya zamani kwenda jedwali la kumbukumbu, na bechi ya tatu inaifuta michango hiyo kutoka jedwali kuu. Bechi ya pili ikianguka kwa kosa 137, ya tatu itafuta data ambayo haikuhamishwa. Hata kuizungushia kazi yote muamala, yaani kundi la amri linalothibitishwa au kufutwa kwa pamoja, hakutoshi, kwa sababu muamala uliofunguliwa katika bechi ya kwanza hubaki wazi, na COMMIT iliyo katika bechi ya mwisho itathibitisha kile kilichofaulu pekee, hata kama XACT_ABORT, mpangilio wa kufuta muamala kosa linapotokea, imewashwa. Anayeendesha skripti kwa sqlcmd anapaswa kuweka chaguo la -b, linaloisimamisha kazi kosa linapotokea, au aandike :on error exit juu ya skripti yenyewe.

Suluhisho la haraka ni kuiondoa GO iliyo katikati. Hata hivyo haiondoleki kila mara, kwa kuwa amri kama CREATE PROCEDURE, inayounda prosija (programu iliyohifadhiwa ndani ya seva), na CREATE VIEW hutaka kuwa za kwanza katika bechi yake. Thamani inayopaswa kuvuka mpaka huo inahitaji chombo kinachoishi muda mrefu kuliko bechi. Jedwali la muda, lile ambalo jina lake huanza na alama ya #, hudumu hadi muunganisho ufungwe. Kuanzia toleo la 2016 kuna pia SESSION_CONTEXT, ambayo huhifadhi thamani kwa jina lake katika muunganisho huo. Na kwa skripti za usakinishaji, sqlcmd ina vibadilika vyake inavyoviweka kwa :setvar na kuvisoma kwa umbo la $(jina). Hivi vya mwisho ni tofauti kabisa na vile vya @, kwani programu ya mtumiaji hubadilisha maandishi kabla seva haijayaona, na kwa hiyo GO haiviathiri.

Mpaka mwingine umo ndani ya amri ya EXEC. Mtu akiunda tungo la SQL, yaani amri iliyowekwa kama maandishi, na kulitekeleza, tungo hilo huendeshwa likiwa bechi yake lenyewe, na vibadilika vya nje havionekani humo:

DECLARE @tawi INT = 4;
EXEC ('SELECT * FROM dbo.Wanachama WHERE tawi = @tawi');

Hapa pia seva italalamika kwamba @tawi hajatangazwa, ingawa ametangazwa mstari mmoja tu juu yake. Wengi hutatua tatizo hili kwa kuiunganisha thamani moja kwa moja ndani ya tungo, jambo ambalo huliondoa kosa na kufungua mlango wa hatari kubwa zaidi, kwa sababu thamani inayotoka kwa mtumiaji wa nje inaweza kubeba amri za SQL ndani yake. Njia sahihi ni kuipitisha thamani mpakani kwa sp_executesql:

EXEC sp_executesql
N'SELECT * FROM dbo.Wanachama WHERE tawi = @t',
N'@t INT',
@t = @tawi;

Tungo la kwanza ni amri yenyewe, la pili ni utangazaji wa vibadilika vitakavyoishi ndani ya amri hiyo, na sehemu ya mwisho ndiyo inayovijaza. Herufi N iliyo mbele ya matungo ni ya lazima, kwa kuwa prosija hii haipokei maandishi ya aina ya VARCHAR. Ikumbukwe pia kwamba seva huvikagua vibadilika vya kawaida wakati prosija inapoundwa, lakini haiyakagui yaliyomo ndani ya tungo hadi litekelezwe. Kwa sababu hiyo, kosa 137 linaweza kujificha kwa miezi mingi ndani ya tawi la IF ambalo halijawahi kufikiwa.

Upande wa pili wa jambo hili ni pale ambapo msomaji anatarajia mpaka, na mpaka haupo. Waliojifunza C, Java au lugha za ukoo huo wamezoea kwamba kibadilika kilichotangazwa ndani ya mabano hufia humo. T-SQL haina desturi hiyo. BEGIN na END hupanga amri tu wala hazifungi uhai wa kibadilika, na ndiyo sababu kutangaza jina lilelile katika tawi la IF na tena katika tawi la ELSE huleta kosa 134, linalosema jina hilo limekwisha kutangazwa. DECLARE yenyewe si tendo linalosubiri zamu yake ya kutekelezwa. Ukiiweka ndani ya IF 1 = 0, tawi ambalo haliingiwi kamwe, kibadilika bado kitakuwepo mbele yake, kikiwa na NULL, yaani bila thamani yoyote, hata kama kiliandikiwa thamani ya mwanzo.

Katika mizunguko, tabia hiyo huzaa kosa ambalo mimi naliona kuwa baya kuliko yote yaliyotajwa mpaka hapa. Tuseme chama chetu kinataka kuwatumia wanachama ujumbe wa simu:

DECLARE @i INT = 1;
WHILE @i <= 3
BEGIN
    DECLARE @simu VARCHAR(15);
    SELECT @simu = simu FROM dbo.Wanachama WHERE namba = @i;
    PRINT @simu;
    SET @i += 1;
END

Anayeisoma skripti hii huamini kwamba @simu anazaliwa upya kila mzunguko unapoanza, akiwa mtupu. Ukweli ni kwamba ametangazwa mara moja tu, na thamani yake hubaki kama ilivyoachwa na mzunguko uliopita. Sasa chukulia kwamba mwanachama namba 2 aliondoka na rekodi yake ikafutwa. Amri ya SELECT inayojaza kibadilika, isipopata safumlalo yoyote, haikigusi kibadilika hicho. Hivyo katika mzunguko wa pili @simu bado ana namba ya mwanachama wa kwanza, na ujumbe wa salio la mtu mwingine utakwenda kwenye simu yake. Hakuna ujumbe wa kosa wala onyo, na anayeipima skripti kwa data kamili ya majaribio hataliona tatizo, kwa kuwa linahitaji pengo katika data ili lijitokeze.

Kuna njia mbili za kulizuia. Ya kwanza ni kuandika DECLARE @simu VARCHAR(15) = NULL; kwa kuwa sehemu ya kutoa thamani, tofauti na utangazaji wenyewe, hutekelezwa kila mzunguko. Uwezo huu wa kutangaza na kutoa thamani kwa pamoja ulikuja na toleo la 2008, na ndiyo maana skripti za kale huziandika hatua hizo mbili mbalimbali. Ya pili ni kutumia SET badala ya SELECT:

SET @simu = (SELECT simu FROM dbo.Wanachama WHERE namba = @i);

SET huweka NULL pasipopatikana kitu, na hukataa kwa kosa 512 pakipatikana zaidi ya safumlalo moja, wakati SELECT katika hali hiyo ya pili huzipitia zote na kukuachia thamani moja tu bila kusema lolote. Mimi hupendelea SET kila thamani moja inapotakiwa, hata kama inaongeza maandishi, kwa sababu ni bora skripti isimame kuliko iendelee na jibu la kubahatisha.

Ukimya wa namna hiyo umo pia katika aina za data. Ukitangaza DECLARE @jina VARCHAR = 'Mwanaisha'; bila kutaja urefu, SQL Server huchukua urefu wa herufi 1, na kinachobaki ndani ya @jina ni M peke yake. Jambo hilohilo hutokea kwa vigezo vya prosija, ambapo mtu hutafuta mwanachama kwa jina na kurudishiwa orodha tupu kila siku. Linalochanganya zaidi ni kwamba ndani ya CAST na CONVERT neno hilohilo VARCHAR lisilo na urefu huhesabiwa kuwa na herufi 30. Kwa namba za desimali hali ni nyeti kuliko hapo, kwani DECLARE @riba DECIMAL = 12.75, huzalisha DECIMAL(18, 0), isiyo na nafasi hata moja baada ya nukta, na riba ya 12.75 inakuwa 13 kabla hesabu haijaanza. Tofauti ya robo asilimia katika mkopo wa miaka mitano si ya kupuuzwa, na mwanachama anayekatwa hatajua kosa lilianzia kwenye mabano yaliyosahauliwa.

Kibadilika kilichotangazwa bila thamani kina NULL, na NULL ikiunganishwa na tungo lolote kwa alama ya kujumlisha hulifanya tungo zima liwe NULL. Mtu anayejenga amri ndefu kwa SET @sql = @sql + N'...' bila kuianzisha @sql kwa tungo tupu ataishia na NULL, na EXEC ikipewa NULL haifanyi kitu na haisemi kitu. Skripti inayomaliza haraka isivyo kawaida na kuacha data kama ilivyokuwa ikaguliwe hapo kwanza.

Ziko pia jumbe zinazotaja utangazaji ilhali tatizo ni la namna nyingine. SELECT * FROM @jedwali, ambapo @jedwali ni tungo lenye jina la jedwali, huleta kosa 1087 linalotaka kibadilika cha jedwali kitangazwe, na anayelitii kosa hilo kwa kuongeza utangazaji atazidi kupotea. Ukweli ni kwamba T-SQL haikubali jina la jedwali kutoka kwenye kibadilika, na kazi hiyo hufanywa kwa kuunda tungo na kulipitisha jina katika QUOTENAME, inayolifungia jina hilo ndani ya mabano. Kinyume chake, anayetumia kibadilika cha jedwali halisi na kuandika @orodha.namba ataambiwa atangaze @orodha kama kibadilika cha thamani moja, ingawa amekitangaza vizuri. Dawa ni kukipa kifupi, kwa mfano FROM @orodha AS o, na kuandika o.namba. Kuhusu herufi kubwa na ndogo, @Mwezi na @mwezi ni majina mawili tofauti kwenye seva iliyosakinishwa kwa kanuni inayotofautisha herufi hizo, na kinachoamua kwa kawaida ni kanuni ya seva nzima, wala si ya hifadhidata uliyomo. Ndiyo maana skripti hufanya kazi kwenye kompyuta ya mwandishi na kukataa kwa mteja.

Anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hukuta mipaka imesogezwa. MySQL inavyo vibadilika vya @ visivyotangazwa kabisa, ambavyo huishi hadi muunganisho ufungwe. Ukikosea herufi moja katika jina lake hupati kosa, unapata NULL. Ukiiacha alama ya @ na kuandika SET jumla = 0 nje ya prosija, MySQL hudhani unazungumzia mpangilio wa seva na kutoa kosa 1193. DECLARE hukubaliwa tu ndani ya programu zilizohifadhiwa, mwanzoni mwa BEGIN, tena kwa utaratibu maalumu: vibadilika kwanza, kisha vielekezi (vya kusoma safumlalo moja moja), kisha vishughulikia makosa. Ukiuvunja utaratibu huo, kosa 1337 au 1338 linakusubiri. Lakini kosa linalowasumbua wanaoanza ni la 1064, yaani kosa la sarufi, kwenye mstari wa DECLARE ambao hauna ubaya wowote. Programu ya mysql hukata amri kila inapokutana na nuktamkato, na nuktamkato ya kwanza ndani ya prosija kwa kawaida ndiyo hiyo inayofunga DECLARE ya kwanza, hivyo seva hupokea prosija iliyokatwa shingoni. Amri ya DELIMITER huibadilisha alama ya kukatia hadi prosija iishe, na kama ilivyo GO, ni ya programu ya mtumiaji, haifiki kwenye seva.

PostgreSQL hutumia DECLARE ya SQL ya kawaida kwa kuunda vielekezi pekee, kwa hiyo kutangaza namba nje ya PL/pgSQL, lugha yake ya kuandikia prosija, ni kosa la sarufi. Tangu toleo la 9.0 kazi ya mara moja inaweza kuwekwa ndani ya DO na alama za $$, DECLARE ikitangulia BEGIN. Oracle hufuata mpangilio huohuo, na kosa lake PLS-00201, linalosema jina fulani lazima litangazwe, lina mtego wake, kwani hutokea pia pale ambapo jina ni la prosija au pakiti iliyopo lakini mtumiaji hana ruhusa ya kuitumia, au ameipata kupitia jukumu, yaani kundi la ruhusa, ambalo halihesabiki ndani ya prosija. Hapo kinachotakiwa ni GRANT, amri ya kutoa ruhusa.

Katika mifumo hii mitatu, ambayo haidai alama ya @ mbele ya vibadilika vya ndani ya prosija, kuna hatari moja isiyopatikana katika T-SQL. Tuseme prosija inapokea kigezo kiitwacho namba na ndani yake kuna DELETE FROM Wanachama WHERE namba = namba. Oracle husoma majina yote mawili kuwa safuwima, MySQL huyasoma yote mawili kuwa kibadilika, na kwa njia hizo zinazopingana zote mbili hufikia matokeo yaleyale: sharti ni kweli kwa kila mwanachama, na jedwali zima linafutwa. PostgreSQL tangu 9.0 hukataa na kusema jina hilo lina utata, uamuzi ambao naona ndio wa busara kuliko wote. Oracle inaruhusu kuandika jina la prosija mbele ya kigezo, kama vile futa_mwanachama.namba. MySQL haitoi nafasi hiyo, hivyo kigezo kipewe jina ambalo hakuna safuwima inayoweza kulibeba, kwa mfano p_namba, na kabla DELETE haijaendeshwa kwa mara ya kwanza, sharti lilelile liwekwe katika SELECT COUNT(*) ili ionekane ni safumlalo ngapi zitaguswa.